Usiku wa Jumatatu wa Mzee Wakil

Bi. Mwatum Wakil hana dogo. Redio ikikosea mwaka wa kufunguliwa skuli fulani, siku ya pili yuko mlangoni kwao na karatasi mkononi. Miaka thelathini ya ukarani wa Mahakama ya Kadhi imemwachia maradhi hayo: habari haimwingii akilini mpaka aulize nani kasema, kaiona wapi na kaiandika lini. Majirani zake wa Michenzani hupanda ngazi kwenda kumwomba awasomee hati, kisha wakishuka humteta kuwa ana kiburi. Anajua, wala halimkoseshi usingizi.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletewa rasimu ya kitabu cha historia ya Amani, mtaa aliozaliwa. Mwandishi wake, Anwar, kijana msomi mwenye adabu zake, alitaka maoni ya wenyeji kabla hakijapigwa chapa. Ukurasa wa arubaini na moja ulieleza ghala la mbao lililoungua mwaka 1974. Ulisema mlinzi, Wakil Simai, aliacha lindo, kisha akawadanganya polisi.

Huyo alikuwa baba yake. Alikufa na fununu hiyo mgongoni, na sasa ilikuwa inataka kuwa kitabu.

Hasira zilimpanda, lakini hakupiga kelele. Alishinda siku tatu kwenye jumba la nyaraka, Kilimani. Akalikuta daftari la zimamoto: moto uliwaka Jumapili, tarehe 10 Machi, saa mbili na nusu usiku. Akageuza ukurasa, akakuta mstari mmoja zaidi, kuwa mlinzi wa zamu alikutwa kisimani akichota maji. Akayakuta na maelezo ya baba yake kwa polisi, yenye alama ya dole gumba: alilinda usiku wa Jumatatu, na moto ukawaka mbele ya macho yake. Hapo Bi. Mwatum alicheka peke yake mpaka watu wakamtazama.

Kaka yake Hasan alipopata habari, alitaka aongeze kuwa baba yao aliokoa watu watatu. Bi. Mwatum akamuuliza nani aliona. Hasan hakuwa na wa kumtaja, na dada yake akamwambia basi hilo hatalisema. Hasan kanuna mpaka leo.

Jumamosi alasiri wenyeji walikusanyika skuli kuisikiliza rasimu. Ukurasa wa arubaini na moja uliposomwa, Bi. Mwatum alisimama akasema ni uongo. Anwar akamjibu kwa upole kuwa anauelewa uchungu wa mtoto, ila moto uliwaka Jumapili, na mlinzi kwa kinywa chake kajitaja Jumatatu.

"Tarehe nshaziona, ni sahihi," alisema Bi. Mwatum. "Mimi nnakuuliza jengine. Dhikri ya usiku wa Ijumaa, wewe na baba'ako mnaiendea siku gani?"

"Alkhamisi," alisema Anwar. "Baada ya magharibi."

Akaurudia ukurasa wake kwa macho. Wazee wa mbele walishaanza kutazamana. Jua la Jumapili likizama, usiku unaoingia ni wa Jumatatu. Kila mtu mle ndani alikuwa akilijua hilo tangu utotoni. Anwar naye alilijua, ila kwenye karatasi alisoma kama mgeni.

Aliomba radhi, akasema ataifuta sentensi ile. Watu wakaanza kujiinua vitini. Bi. Mwatum hakukaa.

"Usiifute. Ukiifuta, watabaki na lile la mitaani. Andika alikuwepo, akichota maji; daftari la zimamoto linasema, ukigeuza ukurasa. Andika umeyasoma wapi, na andika kuwa mwanzo ulikosea."

Mwenyekiti wa mkutano alimsihi alegeze kidogo, kijana keshaona haya. Bi. Mwatum akamjibu kuwa baba yake aliona haya miaka ishirini na sita, mpaka anakwenda kaburini, na hakuna aliyewasihi watu walegeze.

Anwar akainama, akaandika pembeni mwa ukurasa. Bi. Mwatum akamtaka asome alichoandika, na kwa sauti. Anwar akasoma kuwa mwandishi alikosea kuufahamu usiku, na kuwa kwa mujibu wa daftari la zimamoto, mlinzi alikuwa kazini.

"Mlinzi nani?" aliuliza Bi. Mwatum. "Ulipomtuhumu ulimtaja jina."

Anwar akakata neno "mlinzi", akaandika juu yake: Wakil Simai.