Kikombe Chenye Doa Jekundu

Kufikia saa tano asubuhi Abilio Taipe alikuwa amekaza miguu ya meza mara tatu, na hakuna hata mguu mmoja uliokuwa umelegea. Alikuwa fundi nondo, mtu wa kukunja na kufunga chuma tangu ana miaka kumi na saba, na mfukoni hakukosa vipande vya waya wa kufungia. Siku moyo wake ukitulia, waya ulikaa mfukoni. Jumapili hiyo ulikuwa mkononi, anausokota, anaunyoosha, anausokota tena.

"Baba, hebu kaa," bintiye Rocío alimwambia. "Unanizungusha kichwa."

"Nikae wapi? Viti ni vya wageni."

"Wageni wenyewe wako wapi?"

Abilio alitoka tena mpaka kwenye ngazi za njano, akachungulia chini. Manyunyu ya Agosti yalikuwa yamekifunika kilima cha Las Retamas, na jiji lote la Lima huko bondeni lilikuwa moshi tu. Mbwa alipanda. Mtoto akashuka na ndoo. Hakuna aliyekuja na sufuria.

Kilimani hapo mtu akiugua, au paa lake likiezuliwa, nduguze hukaanga kuku. Hiyo ndiyo pollada. Unauza kadi wiki mbili kabla, na Jumapili kila mwenye kadi anakuja na sufuria yake, anapewa pande lake la kuku na viazi vya kuchemsha. Akitaka, anakaa, anakunywa bia, anacheza mpaka jasho limtoke. Serikali haipandi ngazi mia mbili na kumi na moja, kuku anapanda. Nyumba ngapi pale zimesimama kwa mafuta ya kukaangia, hakuna ajuaye.

Na kwa miaka kumi na minne kuku wa pollada zote za Las Retamas alikuwa akitiwa viungo na mkono mmoja tu, wa Nélida Quichca, mke wa Abilio. Walimwitia mguu wa mzee Zenobio ulipovunjika. Walimwitia mazishi ya mtu na ubatizo wa mtu. Alikuja na beseni lake, akamimina pilipili nyekundu iliyosagwa, kitunguu saumu, bizari, siki, na bia nyeusi kidogo, bila kupima chochote, akizamisha mikono hadi viwikoni huku akiwatania wenye nyumba. "Shida zenu siziwezi," alizoea kusema, "lakini kuku wenu alale salama." Yeye mwenyewe hakuwahi kukaangiwa. Alijivunia jambo hilo kama wengine wanavyojivunia meno yao.

Mwezi Machi aligusa uvimbe kwenye titi la kushoto, mgumu kama punje ya mahindi, akanyamaza hadi Mei. Baadaye Abilio alipomuuliza kwa nini, alisema kulikuwa na pollada mbili za watu, angewaachaje? Kisha zikaja foleni za alfajiri hospitalini, karatasi ya kwenda dirisha hili na karatasi ya kurudi dirisha lile, na dawa ya kudondoshewa mshipani mara nne, ambayo ilimpukutisha nywele na kumfanya achukie harufu ya kitunguu. Sasa madaktari walitaka kumpasua Alhamisi. Ila kwanza walitaka picha ya kifua kizima, na mashine ya hospitali ilikuwa imekufa tangu Juni. Picha ipigwe nje, kwa kulipia. Mashine ya umma inakufa miezi miwili, hakuna mkubwa anayekosa usingizi, na anayetakiwa kuutafutia ubovu huo dawa ni mama mgonjwa, kwa kuku. Abilio alipoisikia habari hiyo dirishani aliuliza, "Kwa hiyo?" Karani akamjibu, "Kwa hiyo nje, bwana."

Nélida alikataa pollada siku nne. Siku ya tano akakubali kwa sharti moja, kwamba kuku atamtia viungo yeye. Rocío akamlazimisha avae glavu. Kadi mia moja na ishirini ziliisha kwa siku sita.

Saa nane mchana sahani zilizokuwa zimechukuliwa zilikuwa kumi na moja. Spika ya kukodi ilikuwa ikipiga muziki wa huayno kwa viti vitupu. Nélida alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko, kitambaa kichwani, aproni safi, mikono mapajani.

"Wamelipa na hawaji kula," alisema. "Unajua maana yake?"

"Ni hii mvua."

"Mvua? Kwenye pollada ya Zenobio watu hawahawa walicheza kwenye tope mpaka mmoja akapoteza kiatu." Alitazama sufuria zilizofunikwa. "Nisikilize vizuri. Ikifika saa kumi na moja hawajaja, utachukua pesa zao, utashuka ngazi hizi, utamrudishia kila mtu chake."

"Na ile picha ya kifua, Jumanne?"

"Hakuna Jumanne."

"Nélida. Na Alhamisi?"

"Hakuna Alhamisi. Mimi sikuomba sadaka, niliuza kuku. Wanaouogopa mkono wangu wakae na pesa yao. Siendi kupasuliwa kwa pesa ya woga." Akageuza uso. "Na hata wewe usijifanye, Abilio. Sina macho ya kuchora, naona."

Hakuelewa neno hilo la mwisho, wala hakuwa na subira ya kuuliza. Alishaanza kushuka, ngazi mbilimbili, waya ukiwa umejifunga kidoleni mpaka kidole kikageuka zambarau.

Mlango wa kwanza mama mmoja alijishika tumbo kabla hajaulizwa. "Tumbo, jirani. Tangu jana. Lakini pesa ni yenu, msijali kabisa."

Mlango wa pili pazia lilitikisika, redio ikazimwa, kimya.

Mlango wa tatu kijana alisema mama katoka. Sauti ya mama ikauliza kutoka ndani ni nani. Kijana akasema si mtu.

Hasira zilimpanda Abilio. Hawa ndio waliobebana matofali mgongoni kupanda kilima hiki kulipokuwa hakuna hata ngazi. Hawa ndio walioimba mbele ya polisi waliokuja kuwahamisha. Leo pande la kuku limewashinda.

Mzee Zenobio alikuwa amekaa chini ya kibati cha duka lake la mishumaa na soda, mguu wake mbovu juu ya kreti.

"Unakimbia nini, Taipe? Umeiba?"

"Mzee, kadi yako umelipa. Kuku wako anapoa."

"Mimi sina sufuria, na ngazi zako haziniheshimu. Nilikuwa nasubiri mtu aniletee." Mzee alikuna kidevu. "Hao wengine wana sufuria na miguu. Hao wanaogopa."

"Wanaogopa nini?"

"Kuambukizwa. Wanasema ugonjwa wa mkeo unapita kwenye chakula. Mimi niliwaambia, mkono wa Nélida ukiambukiza, basi sisi sote tulishakufa tangu mwaka ule wa mguu wangu. Hawakucheka."

"Nani kawaambia upuuzi huo?"

"Wewe."

Abilio alisimama kama aliyegonga kichwa kwenye boriti.

"Wewe, bwana," Zenobio alisema taratibu. "Umemtengea mkeo kikombe, sahani na kijiko. Umevitia alama nyekundu. Unavioshea kwenye beseni lake peke yake. Jirani yenu Donatila kaviona pale kwenye pipa lenu la maji, akakuuliza, ukamwambia daktari kasema. Na wewe mwenyewe unalala kwenye benchi la jikoni. Na juzi mkeo kavaa glavu. Sasa watu wafikirie nini?"

Ndipo yakamrudia yote. Nesi alimwita Abilio pembeni, Nélida akiwa amelala na sindano mkononi. Alimwambia, hii dawa inaua ugonjwa lakini inaua na walinzi wa mwili. Mafua yako madogo yanaweza kumlaza mkeo wiki nzima. Mtengee vyombo vyake, visiguswe na midomo ya watu, na ukikohoa usilale karibu yake. Na yeye alikuwa akikohoa vumbi la saruji tangu mwaka uanze. Usiku uleule alichukua rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ile wanayopaka nondo, akaweka doa kwenye kikombe, doa kwenye sahani, doa kwenye kijiko, akahamishia blanketi jikoni. Asubuhi Donatila, aliyemsimamia Rocío ubatizo na kuwa komadre wa nyumba, alimuuliza, "Mbona mmetenga vyombo, kompadre?" Akajibu, "Daktari kasema," akakimbia, kwa sababu gari la kazini lilikuwa linapiga honi huko chini.

Maneno mawili. Na kwa Nélida hata hayo mawili hakumpa. Hakutaka kumtia hofu. Alifanya tu, kama anavyofanya kila kitu, kwa mikono na haraka. Miezi mitatu mwanamke yule alikuwa akinywea kikombe chenye doa, akimsikiliza mumewe akilala upande wa pili wa ukuta, akijijibu mwenyewe.

Sina macho ya kuchora.

"Nipe bega," Zenobio alisema, tayari amesimama. "Umekuja kunichukua au kunitazama?"

Walipanda polepole, jambo lililomtesa Abilio kuliko kubeba nondo. Njiani aligonga kila mlango kwa ngumi bila kusimama. "Tokeni. Hamtaki kula, msile. Njoni msikie." Walitoka kwa sababu ya sauti, walidhani kuna ugomvi, na ugomvi haukosi watazamaji. Donatila alitoka na ufagio mkononi.

Juu, Abilio alizima spika. Aliingia jikoni akachukua kikombe chenye doa, akakijaza juisi ya mahindi meusi, akamletea mkewe.

"Kunywa kidogo, unipe."

Nélida alikitazama kikombe, akamtazama yeye. "Hiki ni changu. Chako kiko ndani."

"Kunywa."

Alikunywa. Abilio akakipokea, akanywa palepale alipoweka midomo mkewe, akamwaga tone la mwisho chini kama wanavyofanya wanywaji wa bia pale, ambao hunywea bilauri moja watu kumi. Kisha akajaza tena. Sauti yake, ilipotoka, ilikuwa ya juu na ya kukwaruza.

"Kikombe hiki nilikipaka mimi. Nilikitenga na ninyi, sikukitenga na yeye. Dawa imemvua ngao. Mafua yenu, kikohozi changu, mikono yetu, ndivyo vinavyoweza kumuua. Sisi ndio wa kuogopwa. Mwanamke huyu amekaa mlangoni tangu asubuhi akiwa na haki kabisa ya kuwaogopa ninyi, na bado amewapikia." Akakohoa, akajigeuza pembeni. "Na kwenye benchi nalala kwa sababu ya hiki kikohozi. Hakuna sababu nyingine. Nilipaswa kusema."

Nélida alikuwa bado ameinua mkono pale alipoachia kikombe.

"Nani alikuambia hayo?" aliuliza.

"Nesi. Ulikuwa umelala."

"Miezi mitatu."

"Ndiyo."

"Miezi mitatu, Abilio." Alisema kwa sauti ndogo, na Rocío, aliyekuwa karibu, akashika kazi ya kupanga majani ya saladi ambayo yalikuwa yamepangwa.

"Kikombe kinatoka kwake," Abilio aliwaambia watu, "hakirudi kwake. Nani anafuata?"

Rocío alikunywa. Zenobio akapokea, akaonja, akakunja uso. "Nimepandishwa ngazi zote hizi kwa maji ya mahindi," alisema. "Ugonjwa kama upo humu, ni huu wa kukosa bia." Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha wawili.

Kikombe kikabaki mkononi mwa mzee. Donatila alikuwa amesimama ngazi tatu chini, ameushika ufagio kwa mikono miwili.

"Usipande, komadre, kama miguu haitaki," Nélida alimwambia.

Donatila alipanda. Aliweka ufagio ukutani, akapokea kikombe, akanywa mpaka chini, akajifuta mdomo kwa kiganja. "Nilikuuliza, kompadre," alimwambia Abilio, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nilikuuliza vizuri. Ukanitupia neno ukakimbia. Nina wajukuu wanne ndani. Ulitaka nifikirie nini?"

"Nilikuwa nimechelewa gari."

"Mume wangu amechelewa gari tangu tuoane," Nélida alisema. "Komadre, sufuria yako iko wapi? Au utabebea kwenye ufagio?"

Hawakuja wote. Yule wa tumbo hakuja. Yule wa pazia alimtuma mtoto na bakuli, na mtoto aliambiwa asikae. Lakini mafuta yalipashwa moto upya, spika ikaanza kulia, na karibu na saa kumi na moja kulikuwa na watu wanaogombania viti vilivyokuwa vitupu mchana kutwa. Donatila alikaanga. Nélida alikaa mbali na msongamano, dirisha wazi mgongoni, akitoa amri.

Saa kumi na moja kamili Abilio alikuja mbele yake na mkebe wa pesa za kadi. Waya ulikuwa bado kidoleni.

"Saa imefika," alisema. "Zimebaki sahani kumi na tisa. Umesema nirudishe."

Nélida hakuutazama mkebe. Alikuwa akitazama kidole cha mumewe, akamshika mkono, akaanza kuufungua waya mzunguko mmoja mmoja. Ilichukua muda; ulikuwa umekaza.

"Hizo kumi na tisa wapelekee milangoni," alisema. "Wasipofungua, acha kizingitini, funika vizuri, mbwa wasile kazi yangu."

"Na hizi pesa?"

Akauweka waya ulionyooka kwenye mfuko wake wa aproni.

"Shati lako la bluu lina kifungo kimekatika. Lilete nilishone. Huwezi kwenda nami Alhamisi umekaa kifua wazi kama mlevi."

Abilio aligeuka kukimbilia shati.

"Kwanza sahani," alisema Nélida. "Na ushuke ngazi mojamoja."