Uvimbe wa Watasema

Likizo zetu za Aprili kule Malava zilinukia moshi wa sukari nguru. Kiwanda kidogo ng'ambo ya mto kilichemsha maji ya miwa tangu alfajiri, na mvua ya alasiri ilipokuja harufu ile ilishuka uani kwa nyanya yangu, ikachanganyika na samadi na manyoya ya mbwa aliyelowa. Mbwa huyo aliitwa Watasema. Nyanya, ambaye sote tulimwita Kukhu, alimpa jina hilo ili majirani walisikie kila anapoitwa chakula, na nadhani walilisikia vizuri sana. Kazi yangu, nikiwa na miaka tisa, ilikuwa kumtoa kupe kila Jumamosi na kuwatumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Niliipenda kazi hiyo kuliko shule, na sioni haya kusema hivyo.

Jumamosi moja vidole vyangu vilikuta kwapani mwake kitu ambacho hakikuwa kupe. Kilikuwa laini, kikubwa kama njugu mawe, na kiliteleza chini ya ngozi nilipokigusa. Kukhu alikitazama akasema ni jipu, likandwe mpaka liive. Basi kila jioni alichovya kitambaa kwenye maji ya moto yenye chumvi, akamkanda na kumkamua, naye Watasema akitutazama kwa subira ambayo mimi sijawahi kuwa nayo. Jipu halikuiva. Baada ya wiki mbili lilikuwa kubwa kama pera, jekundu, na mbwa akaanza kuchechemea. Babu alitoa hukumu akila obusuma, ugali wake, bila hata kuinua kichwa: "Mbwa wa uvimbe hakai na watoto. Jumapili ikifika, atolewe hapa." Sote tulijua maana ya kutolewa, kwa sababu mbwa wa jirani alitolewa na hakurudi. Nililia mpaka kamasi zikaingia kwenye mboga.

Jambo rahisi lingekuwa kumwita daktari. Lakini kwetu daktari wa mifugo alikuwa wa ng'ombe. Kumwita mtu mzima apande pikipiki katika matope yale kwa ajili ya mbwa kungechekwa kanisani mwaka mzima, na Kukhu alikuwa kiongozi wa akina mama. Ijumaa hiyo daktari alikuja kumpandikiza ng'ombe wetu mbegu. Alipomaliza, Kukhu alimkalisha, akamtilia chai, akamuuliza habari za mahindi, za mke, za barabara, akamtilia tena na tena. Mimi nilisimama mlangoni nikimwomba Mungu. Mwishowe Kukhu alitazama kule wanakopita majirani, akavuta pumzi, akaita kwa sauti kubwa, "Watasema! Kuja!"

"Mama, umeninywesha chai vikombe tatu, kumbe ni mbwa?" Daktari alicheka hadi wanawake wawili wakasimama nje ya ua kutazama.

"Ni mbwa," Kukhu alisema. "Mguse hapa." Akaketi chini kwenye matope na gauni lake safi, akakilaza kichwa cha mbwa pajani.

Daktari akaacha kucheka. Aliuliza uvimbe ulianza lini na kama mbwa anakula, kisha akachoma sindano nyembamba na kuvuta. Kilichotoka kiling'aa kama mafuta ya kupikia. "Na nyinyi mmekuwa mkikandanga hii kitu?"

"Kila jioni."

"Basi ni nyinyi mmeifurisha. Hii naona ni mafuta tu. Wachaneni nayo, mpime na uzi kila mwezi. Ikikuwa ngumu ama ikue haraka, mniite."

Tuliacha kukanda, wekundu ukaisha, na Watasema akakimbiza kuku tena. Jumapili ilipofika Babu alimtupia mfupa, na kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Sasa naishi mjini, mtaa wa Shieywe. Mwezi uliopita niligusa uvimbe shingoni mwa mbwa wangu, nikampigia daktari papo hapo. Tulikaa kwenye benchi la kliniki yake na watu wengine waliobeba mbwa na paka wao, kila mgonjwa na jina lake kwenye kadi. Kipande cha uvimbe kilipelekwa kupimwa na majibu yakawa mazuri. Hakuna aliyecheka, na ninafurahi kwamba mambo yamebadilika. Ila pale kwenye benchi nilimkumbuka Kukhu, machozi yakanilenga. Mimi, kumwokoa mbwa wangu kulinitaka nipige simu. Yeye kulimtaka aketi matopeni mbele ya watu ambao angekutana nao kanisani keshokutwa, naye akaketi.