Gari Lake, Rangi ya Kiwanda

Habari za kifo chake zilinifikia kupitia kundi la simu la mtaa wetu hapa Kitengela, katikati ya malalamiko ya maji na tangazo la mbwa aliyepotea. Fundi wa rangi za magari, yule mwenye gereji nyuma ya maduka ya mbao, alikuwa ameaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana nyumbani. Mimi nilikuwa nikipita kwake Jumamosi, ninakalia tairi kuukuu, tunabishana mpaka njaa itutenganishe. Hata hivyo habari ile ilinikata maini kuliko nilivyotarajia, na wiki hii sina moyo wa kuandika juu ya siasa. Wasomaji wangu wa kila mara watanivumilia.

Alitoka magharibi ya Kenya, akapanga nyumba hapa kama wengi wetu, na kazi yake ilikuwa magari ya zamani. Ukimwita mpaka rangi alinuna. Alisema yeye hapaki, anarudisha. Alikuwa na majivuno ya kutosha watu watatu, na mdomo wa kuyatetea. Nakumbuka bwana mmoja aliyeleta gari dogo la zamani kutoka Nairobi, akitaka liwe kama lilivyotoka kiwandani. Alipokuja kulichukua, mwili wa nje ulimridhisha. Alipofungua boneti, akakuta chini yake rangi nyembamba isiyong'aa, yenye vinundu vidogo kama ganda la chungwa. Akalalamika kwamba kazi imelipuliwa. Fundi akamjibu kwamba hata kiwandani walilipua hapo, kwa sababu hakuna mnunuzi aliyetazama chini ya boneti, na kwamba yeye alihangaika siku nyingi kuipata ile rangi mbaya. "Boss, gari ikitoka hapa inang'aa kuliko siku ilizaliwa, hiyo si kurudisha," alisema. "Hiyo ni kuoa bibi mwingine na kumwita jina ya wa kwanza." Yule bwana alicheka bila kupenda, akaondoka na gari lake.

Lakini kisa kinachonirudia tangu nisikie msiba ni cha mzee mmoja mfugaji wa Bisil. Mzee huyu alikuwa na pikapu aliyoinunua ikiwa mpya enzi za ujana wake. Ilikuwa imepakwa rangi nyeupe, kisha kijani, kisha nyeupe tena, hadi ya kwanza ikasahaulika. Sasa alitaka kitu kimoja tu: aione tena jinsi ilivyotoka kiwandani, kabla hajafa. Wanawe wakaileta Kitengela, naye akaja nayo. Fundi alipomuuliza ilikuwa rangi gani, alijibu kwa Kimaasai: pus. Ndilo jina la ng'ombe wa kijivu kinachoelekea samawati.

Fundi alifungua dashibodi. Nyuma yake, mahali ambapo jua wala brashi havikuwahi kufika, alikuta rangi ya kiwandani ikiwa nzima: kijivu chenye samawati. Akachanganya rangi, akapuliza kipande cha bati, akakikausha na kumwonyesha mzee juani. Mzee akatikisa kichwa. "Hii ni kitu ya kijani imechafuka. Gari yangu ilikuwa pus." Fundi akachanganya upya. Mzee akakataa tena.

Mtu mwingine angekata tamaa. Huyu alipanda gari siku ya soko la mifugo, akaenda Bisil amwombe mzee amwonyeshe ng'ombe wa pus kwa kidole. Nilifuatana naye, kwa umbea tu. Mzee alitupokea kwa heshima, akatembea nasi katikati ya mifugo, akamnyooshea kidole ng'ombe mmoja. Hata mimi nisiyejua kukama niliona kwamba ng'ombe yule alikuwa wa kahawia. Mwana wa mzee akakohoa na kutazama viatu vyake. Fundi akamgeukia mchungaji aliyekuwa karibu.

"Hii mnaita rangi gani?"

"Kama mzee amesema ni pus, ni pus," akajibu yule mchungaji.

Hapo fundi akaelewa. Kosa halikuwa kwenye rangi, lilikuwa kwenye macho. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika polepole, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumsahihisha, mzee mwenyewe hakujua. Wanawe walijua. Walimvuta fundi kando wakamsihi, "Fundi, wewe paka tu ile anataka. Si gari ni yake?"

"Gari ni yake," akasema fundi. "Rangi ni ya kiwanda."

Kisha akamfuata mzee aliyekuwa amesimama peke yake kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, akamwambia kwa sauti ya chini. Sikuyasikia maneno yote. Nilisikia, "Mzee wangu, rangi iko sawa. Ni macho." Mzee aliondoka bila kutuaga, na wiki ile ile pikapu ikachukuliwa gerejini ikiwa na rangi ya msingi tu, ile inayotangulia rangi yenyewe. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Nadhani wahenga nao walikuwa na watu wengi wa kuwakubalia.

Heshima yetu ina kasoro hii. Tunakaa na wakubwa wetu, wa nyumbani, wa kanisani, wa ofisini, tunawatazama wakimwita ng'ombe wa kahawia jina la mwingine, na tunakohoa. Tunasema tunawatunzia heshima. Mara nyingi tunajitunzia amani yetu wenyewe, na wao tunawaacha gizani. Hata hapa Kitengela, kila kitu kinapakwa king'ae kwa nje, na anayeuliza chini kukoje huonekana mchokozi.

Miezi ikapita. Wanawe wakampeleka mzee kwa daktari, akapasuliwa jicho moja, kisha la pili. Siku moja akaja gerejini na pikapu bila taarifa, akaomba kile kipande cha bati cha kwanza. Akakitazama kwa muda mrefu. "Paka," akasema.

Ijumaa tulikusanyika kwa maombi kabla ya mwili kusafirishwa kwenda kuzikwa magharibi. Mzee alikuwepo. Alipopewa nafasi ya kusema, hakuzungumzia gari kabisa. "Watoto wangu wananipenda, kwa hivyo walinikubalia," alisema. "Wachungaji wa ng'ombe wangu wananiheshimu, wakanikubalia. Huyu alinikatalia. Leo naona sura zenu zote. Yake tu ndiyo sitaona."

Tangu Ijumaa nimekuwa nikiwahesabu jamaa na marafiki zangu, wale wanaonisifia kila safu ninayoandika, nikimtafuta mmoja anayeweza kunivuta kando na kuniambia kwamba sioni vizuri. Nilikuwa naye mmoja, na nilidhani ananibishia tu. Kama wewe bado unaye wa kwako, mpigie simu leo, hata kama mmekosana.