Ng'ombe Wako Nyuma

Naomba mcheke mapema mmalize, maana mke wangu hadi leo hajamaliza kunicheka, na mimi mwenyewe nikilikumbuka lile zizi natamani ardhi ipasuke.

Nilikuwa fundi wa karasha la kusagia mawe ya dhahabu huku Bulyanhulu, na nilikuwa na hisa nilizonunua kidogo kidogo kwa simu, nije niziuze nipate ng'ombe wa mahari ya Kabula, binti wa Masumbwe. Kupeleka ng'ombe ni Jumamosi. Jumatatu ya wiki hiyo hiyo dalali wa hisa akanipigia, "Kaka, leo kuna mteja anachukua zote," na mwenye akili angeuza, lakini mimi nilikuwa nimetazama video (tatu tu, msinione profesa) zinazofundisha kwamba kuna mstari wa wastani wa bei za siku chache na mwingine wa siku nyingi, na huuzi mpaka ule wa siku chache uukate mwenzake kwenda chini. Nikamjibu kitajiri, "Mwambie asubiri, mistari haijakatana."

Ikakatana Alhamisi. Nikarukaruka pale karashani, nikatuma oda ya kuuza, kimya. Ijumaa, kimya. Dalali akasema yule mteja alishanunua kwa mwingine na hajatokea wa pili. Hapo ningempigia baba mkwe nikasema ukweli, ila aibu ikanishika, Jumamosi nikapanda pikipiki na mjomba Masanja, ambaye alininunia njia nzima kwa kwenda ukweni mikono mitupu.

Kusikia mlio tu, kina mama wakapiga vigelegele! Mashemeji wamesimama na fimbo, lango la zizi liko wazi. "Mwangaluka," mjomba akasalimia kinyonge. Shemeji mkubwa akachungulia nyuma yetu. "Ng'ombe?"

Nikajikuta nimesema, "Wako nyuma."

Mjomba akanitazama kama hanijui. Mashemeji wakaenda barabarani kuwapokea, wakasimama juani saa nzima, wakiuliza kila anayepita kama kawaona ng'ombe wa mahari njiani.

Mwishowe mkwe akanikalisha. Nikakiri hakuna ng'ombe, nikatoa simu, nikamwonyesha mistari, jasho mpaka kwenye soksi. Akasikiliza kwa adabu.

"Huyo mteja wa Jumatatu alikuwa na hela mkononi?"

"Ndiyo, baba."

"Mimi mnadani simtazami ng'ombe wangu, namjua. Natazama wamekuja wanunuzi wangapi."

Shangazi yake Kabula akasimama, akasema shughuli imeishia hapo, binti haolewi na mwongo. Jamani, nilikuwa nampenda yule msichana kuliko hisa zote za nchi hii.

Ndipo Kabula akatoka ndani. "Baba, huyu hata kudanganya hajui, si mmemwona? Mpeni mpaka mnada ujao. Na simu nitaishika mimi."

Mkwe ndiye aliyeanza kucheka.

Hisa zilipata mteja kwa bei ya chini, nikauza na pikipiki kufidia, na mnada uliofuata ng'ombe wakaingia zizini wote. Nimeapa: mteja akija, nauza, mistari itakatana nikiwa nimeshalala. Lakini ukweni hawasahau, nikifika tu shemeji anakinga jua kwa mkono na kutazama barabarani. Juzi nilitangulia kwa miguu, nikamkuta langoni.

"Kabula na mtoto?"

"Wako nyuma."

Safari hii walikuja kweli.