Tezi za Soja

Elina alikuwa bibi mifugo wa Kintinku kwa mwaka wa kumi na moja. Alishapigwa mateke na mafahali, akapasuliwa mdomo kwa pembe, lakini hakuwahi kupigwa rungu na mtu hadi asubuhi moja ya mwaka 1994, alipomlalia mbwa wa mzee Mughwai kumkinga.

Balaa lilianza na tezi. Soja, mbwa aliyelinda zizi dhidi ya fisi kwa miaka sita, alivimba chini ya taya na mbele ya mabega. Ng'ombe akivimba hivyo wafugaji husema ni ndigana, ugonjwa wa kupe, na tezi huchomwa kwa chuma cha moto. Siku hizo dawa zilishaachiwa maduka ya watu binafsi, kila mfugaji ana bomba lake la sindano. Mughwai akamdunga Soja dawa ya ndigana. Hakuona nafuu, akatia nondo motoni. Nondo ilipogusa shingo, Soja aligeuka akamng'ata mkono hadi mfupani.

"Kichaa!" jirani yake Antipasi alipiga yowe. "Mbwa kaingiwa na kichaa!"

Elina alipofika, wanaume sita walikuwa wamembana Soja kwenye miiba ya boma wakimponda. Jicho moja limefumba, mguu wa nyuma umevunjika, damu inamtoka puani.

"Shikamoo, mzee. Leo mbwa amekunywa maji?"

"Marahaba. Amemaliza karai zima," Mughwai alisema, mkono umefungwa kitambaa kinachochuruzika damu.

"Basi acheni! Mwenye kichaa kwa kawaida hushindwa kumeza. Mkimuua na kumchoma moto, tutajuaje kama ana kichaa? Afungwe siku kumi tumwangalie. Mzee, osha jeraha kwa sabuni, nenda zahanati sasa hivi."

"Mama Mifugo, rudi kwa ng'ombe wako," Antipasi alisema. "Siku kumi atakuwa ametumaliza."

"Anzeni na mimi."

Walidhani anatania. Alijitupa juu ya mbwa wakati rungu la Antipasi linashuka, na kila mtu akasikia mfupa wa kiganja cha Elina ukilia. Soja alitetemeka chini yake. Hakumng'ata. Marungu yakawekwa chini moja moja, na hakuna aliyetaka kumtazama mwenzake.

Kwa mkono mzima Elina alimfunga mdomo kwa kamba, akapapasa. Taya, mabega, kinena, nyuma ya magoti: kila mahali tezi ngumu, bila vinundu, kubwa kama yai la kanga, pande zote mbili sawa. Alichoma sindano kwenye tezi isiyoungua, akapaka majimaji yake kwenye kioo, akakipeleka maabara Dodoma kwa treni.

Jibu lilirudi siku ya nane: saratani ya tezi. Siku ya kumi ilipita bila kichaa.

"Kwa hiyo nilimchoma bure," Mughwai alisema.

Elina alimpa vidonge vya prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, amnyweshe Soja. Wiki mbili baadaye tezi zilinywea, na Soja akawa anakimbiza kunguru kwa miguu mitatu.

"Umemponya, mama!"

"Nimeichelewesha tu, mzee. Itarudi."

Ilirudi wakati wa mavuno, kwa ghadhabu. Koo liliziba, ulimi ukageuka buluu, Soja akawa anakwaruza ardhi akitafuta pumzi.

"Nimmalize kwa rungu?" Mughwai aliuliza.

"Hapana. Mshike kichwa."

Elina alijaza sindano ya kumlaza milele, lakini mshipa ulimkimbia mara tatu. Soja alirusha miguu, akamchana Elina kifuani kwa kucha, kisha dawa ikaingia, akalegea. Mughwai aliendelea kumshika. Watu walipokuja na majembe, aliwafukuza kwa matusi, akaanza kuchimba peke yake.