Kionjo cha Mukandoli

Katika karakana ya ushonaji ya Kimisagara, ghorofani juu ya duka la rangi, cherehani zote husimama mara moja tu kwa juma. Umeme ukikatika hazisimami, kwa kuwa ni za kukanyaga. Mwenyekiti wa ushirika akipita ndiyo kwanza zinaongeza kasi. Lakini Jumanne saa tisa alasiri, wimbo wa mchezo wa redio uitwao *Kisima cha Bugwiza* ukianza, hata pasi husimamishwa wima ipoe.

Hapo ndipo Sangwa alipokuwa mtu mkubwa. Siku nyingine zote alikuwa fundi wa kola tu. Alikuwa na miaka arobaini na minane, hakuwa na mke, na elimu yake ilikuwa darasa la saba, aliyoipata Karagwe upande wa Tanzania, wazazi wake walikokuwa wakimbizi. Walirudi Rwanda akiwa kijana, akarudi na Kiswahili kizuri sana ambacho hakikumfaa kitu, maana aliona haya kukisema. Mteja akimuuliza bei, alimwonyesha vidole. Lakini mambo ya *Kisima cha Bugwiza* yote yalikuwa kichwani mwake, tangu msimu wa kwanza mpaka wa tano. Alijua marehemu mume wa Mukandoli aliacha mbuzi wangapi. Alijua siku padri alipobadilishwa sauti, ingawa redio ilijifanya ni padri yule yule. Mafundi wakibishana, mmoja aliita, "Sangwa! Daraja lilivunjika kabla ya ubatizo au baada?" Naye, bila kuinua macho, aliashiria nyuma kwa sindano, yaani kabla, na ubishi ukaisha.

Nyuma yake, kwenye meza ya vifungo na pindo, alikaa Xavérine. Huyu alikuwa mjane, mwanamke wa maneno machache makali na cheko fupi. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, kutunga uzi ilikuwa tabu. Basi kila asubuhi Sangwa aliwahi kufika, akatunga sindano kumi na kuzichomeka kwenye kimto cha sindano cha Xavérine. Ilikuwa sasa miaka sita. Hakuna aliyewahi kuuliza ni nani anayezitunga, na yeye hakuwahi kusema.

Sasa, Xavérine alikuwa na shangazi, Vestine, mama wa Kibagabaga, aliyeona ujane kama nguo iliyoachwa kwenye kamba: mtu lazima aianue. Miaka miwili nyuma alipanda mpaka karakanani kumletea habari za mzee Habiyaremye, dereva mstaafu, mgane, mwenye ng'ombe Bugesera. Xavérine alitaka amalize kifungo chake kwa amani. Akasema mbele ya watu wote:

"Shangazi, siku Mukandoli wa redioni atakapoolewa, na mimi nitakubali kuolewa."

Watu wakacheka. Mukandoli alikuwa mjane wa mchezoni, na alikuwa ameshawafukuza wachumba saba, mmoja kwa maji ya moto. Lilikuwa kufuli lisilo na ufunguo. Vestine alishuka ngazi akihesabu mashahidi.

Ndipo *Kisima cha Bugwiza* kikaenda mapumziko ya miezi miwili, na redio ikaanza kurusha vionjo vya msimu wa sita: vipande vya dakika moja moja vya kuwatamanisha wasikilizaji. Kionjo cha kwanza kilikuwa mvua. Cha pili, mtu anakimbia. Cha tatu kilirushwa Jumatatu, na ndani yake sauti ya Mukandoli ilisikika wazi kabisa ikisema, "Mume wangu, karibu nyumbani." Mlango ukafungwa. Wimbo.

Kesho yake saa nne asubuhi Vestine alikuwa juu ya ngazi, kofia ya pikipiki bado kichwani.

"Bon!" alisema. "Ameolewa."

"Nani ameolewa?" Xavérine aliuliza, ingawa uso wake ulionyesha ameshajua.

"Mukandoli wako. Na Habiyaremye nimemwambia akatoe koti kwa dobi. Neno ulilitoa wewe, mbele ya shangazi yako."

Phiona, fundi wa sketi aliyekulia Kampala na asiyeogopa mtu, aliachia kanyagio. "Eh, mama! Kile si kionjo tu? Ile iko tangazo, haiko mchezo. Mchezo bado haujaanza."

"Aliyeonja mchuzi hajaula?"

"Hajashiba!"

"Sauti ni ya nani?"

"Ya Mukandoli."

"Basi kasema Mukandoli. Ungetaka nikuletee cheti cha ndoa kutoka ofisi ya sekta?"

Phiona alisimama. "Sikieni. Siku ya posa kwetu, wasemaji wa pande mbili si hudanganyana mbele ya watu? Huyu anasema binti ameshaingia utawa, yule anasema hawakuja kuoa, wamekuja kuomba mbegu za maharage. Kuna anayekwenda kumtafuta binti kwa masista? Maneno ya kupamba hayahesabiki. Na kionjo ni maneno ya kupamba."

Karakana ikanguruma kukubali. Lakini mzee Hamisi Kagabo, mkata vitambaa, Mwislamu wa Nyamirambo aliyependa haki hata ikimkata mwenyewe, aliweka mkasi chini.

"Wallahi umesema vizuri, binti yangu. Ila ng'ombe anayetajwa katika maneno hayo hayo, yeye huhesabika. Usipomleta utaona."

"Mzee, uko upande gani?"

"Upande wa ng'ombe."

Wakabishana mpaka sare za shule moja zikashonwa mfuko upande wa mgongo. Mwishowe Vestine akapiga meza. "Hapa nani anaujua huu mchezo kuliko wote?"

Vidole vyote, na mikasi miwili, vikamwelekea Sangwa.

Alihisi masikio yanawaka. Vestine alikuja akasimama mbele ya cherehani yake. "Wewe baba. Utaamua wewe. Kionjo kinahesabika au hakihesabiki? Ukisema hakihesabiki, narudi Kibagabaga na Habiyaremye anarudisha koti kabatini. Ukisema kinahesabika, Jumamosi tunakuja kujitambulisha."

"Nami nitakubali atakavyosema," Xavérine alisema kwa nyuma. "Sangwa hasemi ovyo."

Sangwa hakugeuka. Neno moja tu lilihitajika. Hakihesabiki. Hata neno lenyewe halikuhitajika, angetikisa kichwa na Xavérine angebaki kwenye meza ile, na sindano kumi zingeendelea.

Shida ni kwamba alijua. Alijua vionjo vyote. Kionjo cha msimu wa pili kilisema daraja litavunjika, na sehemu ya nne daraja likavunjika. Cha msimu wa tatu kilisema kisima kitakauka, kikakauka. Cha msimu wa nne, pacha. Walizaliwa pacha. Tangu lini kionjo cha Bugwiza kimedanganya? Alitafuta kichwani kama mtu anayetafuta kifungo kilichoanguka chini ya meza, akakumbuka kimoja: chifu aliyesifia sabuni wakati alikuwa ameshazikwa! Moyo ukaruka. Kisha ukatua. Hicho hakikuwa kionjo, kilikuwa tangazo la sabuni. Sabuni ni ya wenye sabuni. Kionjo ni cha mchezo.

Na yeye alikuwa na nini kingine duniani zaidi ya kuaminiwa kwa jambo hili moja? Mtu asiyesema sana, akisema uongo mara moja, hata ukimya wake wote wa nyuma unageuka kuwa uongo.

"Kirudieni," alisema.

Phiona akakicheza kwenye simu yake mara tatu. *Mume wangu, karibu nyumbani.* Mlango. Wimbo.

"Kinahesabika," Sangwa alisema.

Vestine alipiga vigelegele mpaka wauza rangi wa chini wakatoka nje kutazama juu. Phiona alimtazama Sangwa kama mtu aliyekojolea kisima.

Vestine alikuwa ameshavaa tena kofia yake pale Sangwa aliposema tena. Mara mbili kwa siku moja!

"Lakini jina halikutajwa."

"Jina la nani?"

"La mume. Kionjo kimesema ameolewa. Hakikusema ameolewa na nani. Hawajamtaja. Kwa hiyo, kwa mujibu wa kionjo, nafasi... nafasi ile iko wazi."

"Unasema nini wewe baba?"

"Nasema hata mimi naweza kuomba niandikwe."

"Kuandikwa wapi?" Vestine alishangaa. "Kazi gani?"

Phiona alielewa wa kwanza, akajiziba mdomo kwa sketi ya mteja. Kisha mzee Hamisi akaelewa, kisha karakana nzima, na kelele zilizopanda zilifanya Sangwa atamani kuingia ndani ya droo ya cherehani. Kelele zilipotulia, Xavérine aliuliza, taratibu:

"Tangu lini?"

"Tangu msimu wa pili."

"Ana ng'ombe?" Vestine aliwauliza mashahidi.

"Ana cherehani," alisema Phiona. "Na haiombi majani!"

Xavérine alikata uzi kwa meno. "Shangazi, nilisema nitakubali kuolewa. Sikusema nitachaguliwa mume. Mwambie mzee Habiyaremye asimlipe dobi. Na huyu," aliashiria mgongo wa Sangwa kwa kidole chenye kikofia cha chuma cha kushonea, "atafute msemaji. Akija kujisemea mwenyewe tutazeeka ukumbini."

Majuma mawili yaliyofuata Sangwa alishona kola kama mtu aliyelewa. Mzee Hamisi alijitolea kuwa msemaji, akaanza kufanya mazoezi ya kuomba mbegu za maharage huku akikata suruali.

Jumanne ya msimu mpya ikafika. Saa tisa, wimbo. Mvua, kweli ilinyesha. Mtu, kweli alikimbia. Kisha sauti ya Mukandoli: "Mume wangu, karibu nyumbani." Mlango. Na padri, yule wa sauti mpya, akasema: "Vizuri sana, Mukandoli! Siku ya Noeli useme hivyo hivyo, lakini umtazame anayecheza mume. Haya, wachungaji wa kondoo, zamu yenu."

Yalikuwa mazoezi ya igizo la kanisani. Mukandoli hakuwa ameolewa na mtu.

Vestine hakuwepo, lakini kila mmoja alimwona kichwani, na kofia yake. Sangwa aliinuka. Akageuka akamtazama Xavérine uso kwa uso, jambo ambalo alikuwa hajalifanya hata siku ya kuomba.

"Nilikosea," alisema. "Kionjo hakihesabiki. Sikufikiria kwamba mtu wa mchezoni naye anaweza kuwa anacheza. Hukumu yangu ilikuwa mbovu. Kwa hiyo wewe huna deni la neno, kwa shangazi wala kwa mtu mwingine. Wala kwangu."

"Sha, Sangwa, kaa chini!" Phiona alinong'ona kwa uchungu. "Nani alikuuliza leo?"

Xavérine aliinama chini ya meza, akatoa furushi, akalifungua. Lilikuwa koti la kiume la rangi ya kijivu, limeshakatwa, mikono imeshikizwa kwa pini, kola bado.

"Mukandoli afanye yake," alisema. "Mimi kitambaa nimeshakikata."

Sangwa alilitazama lile koti kwa jicho la fundi, kwa kuwa jicho jingine lilikuwa limejaa maji. Mabega yalikuwa sawa. Mgongo, sawa kabisa.

"Hukunipima," alisema.

"Nimekaa nyuma yako miaka sita, nipime nini tena? Kola utaweka mwenyewe. Mimi kola siwezi."

Alilipokea, akakaa nalo mapajani, asijue aanzie wapi. Redio iliendelea kusema peke yake mpaka wimbo wa mwisho.

Kesho yake mke wa muuza rangi, aliyekuwa ameikosa sehemu ile, alipanda juu kumuuliza Sangwa iliishaje. Wachungaji walifika? Na yule aliyekuwa anakimbia kwenye mvua, alikimbia nini?

"Sijui," Sangwa alisema, kwa sauti, na akaongeza bila kuulizwa kwamba hata hakusikiliza.