Bomba la Pumzi

Pikapu yangu ya fowili, ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, iliyobeba maziwa ya majirani kutoka Kibugu, ilizimika mtoni mara mbili. Nikaipeleka Embu, fundi anifungie snokeli, bomba la kuvutia hewa kutoka juu ya paa. Tulivutana bei hadi saa sita.

"Mzee, kwa hiyo pesa yako lazima kitu kitoke," akasema. "Nitoe silikoni ya kuziba viungo?"

"Toa. Hewa haina mdomo wa kulalamika."

Alipomaliza nilihesabu skrubu za bomba, nikarudia. Hakuna iliyopungua.

Mvua zikaja. Nikaingia mtoni bila wasiwasi, maji yakafika boneti. Juu bomba lilivuta hewa safi, lakini chini, kwenye kiungo kisichozibwa, lilivuta mto. Injini iligonga mara moja ikanyamaza. Fundi alipoifungua aliniwekea mkononi chuma cha pistoni, kimepinda kama jembe la zamani.

Majirani sasa hupeleka maziwa kwa bodaboda. Pikapu imekaa nyuma ya nyumba, haitauzika hata kwa vipuri. Asubuhi bado nazihesabu zile skrubu. Zote zipo.